Mizuka kwenye kaunta ya lojingi

Nyumbani nina vitabu viwili ambavyo ni kitabu kimoja. Kimoja kinaitwa Rivers of London, kingine Midnight Riot. Vyote ni vya Ben Aaronovitch, vyote vilitoka 2011, na ndani yumo konstebo yule yule anayemhoji shahidi wa mauaji pale Covent Garden, kisha anagundua kuwa shahidi mwenyewe ni marehemu wa siku nyingi. Waingereza walikipa jina lile, Wamarekani wakakipa hili, mimi nikakilipia mara mbili. Niligundua ukurasa wa tatu, saa tisa usiku, na hakukuwa na mtu wa kumlaumu.

Naandika haya kwa sababu watu huniuliza waanzie wapi na hivi vitabu vya mizuka vya kuchekesha, vile ambavyo mpelelezi anafukuzana na pepo huku mwenye nyumba anamfukuza yeye kwa kodi. Nikijibu kwa jina moja tu naona kama namtuma mtu soko la Gikomba bila kumwambia ashike mfuko wake. Mimi nilipotea sana. Pesa zilikwenda, muda ulikwenda, na kuna usiku mmoja uliniaibisha hata leo nikiukumbuka hufumba macho.

Ilikuwa Februari 2022, nilipopata zamu ya usiku kwenye lojingi moja ya Nairobi, upande wa River Road. Kuingia saa kumi na mbili jioni, kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Kazi ni kuandika wageni kwenye daftari, kupokea pesa, kutoa ufunguo, sabuni ya kipande na karatasi ya choo. Ikipita saa saba wateja wanakatika, na usingizi unakuja kama umealikwa. Wiki ya kwanza nilijikaza na simu, mpaka nikaona bando linakula mshahara. Askari wetu wa mlangoni, mzee wa Kwale, aliniangalia siku moja akasema, "Mwanangu, tafuta kitu chenye kurasa. Kurasa hazili bando."

Nikaenda inama. Kama hukai Nairobi, inama ni duka lisilo na ukuta: vitabu vimetandazwa juu ya nailoni kando ya njia, na ukitaka kimoja huna budi kuinama. Kuna vya shule, kuna vya kutajirika haraka, kuna vya maombi, na katikati yake riwaya kutoka ng'ambo ambazo tayari zimesomwa na mtu mwingine na kumwagiwa chai ya mtu mwingine. Mia moja, mia mbili, jalada likiwa safi mia tatu.

Hapo ndipo nilipookota Changes ya Jim Butcher kwa mia mbili. Nilivutiwa na nyuma ya jalada: mchawi mpelelezi wa Chicago. Baadaye nikajua kwamba mchawi huyo, Harry Dresden, yumo kwenye kitabu cha simu, kazi yake imeandikwa wazi: mchawi, anatafuta vilivyopotea, bei nafuu. Nilicheka peke yangu, maana nguzo ya stima iliyo mbele ya lojingi yetu imebandikwa karatasi za watu wa kazi hiyo hiyo, kurudisha mpenzi, kushinda kesi, kupata kazi, namba ya simu chini. Tofauti ni kwamba Dresden anatangaza kabisa kuwa hatengenezi dawa za mapenzi. Hapa mjini angekufa njaa.

Lakini Changes ni kitabu cha 12. Mfululizo ulianza 2000 na Storm Front, na hiki cha 2010 ndicho ambacho mwandishi alikitumia kubomoa nyumba aliyoijenga miaka yote hiyo. Watu wanalia, madaraja yanachomwa, siri zinapasuka, na mimi sijui nani ni nani. Ilikuwa kama kufika matangani, ukala, ukaimba, ndipo ukamuuliza jirani nani aliyefariki. Baya zaidi, niliporudi kusoma vya mwanzo kila kitu nilikuwa nimeshakijua. Mhusika akisema, "Nitakuwepo daima," mimi nahesabu siku zake.

Jina lingenionya, kama ningejua: vitabu vingine vya mfululizo ule vina majina ya maneno mawili, hicho kina neno moja. Siku hizi sinunui kitabu kwenye inama kabla sijafungua kurasa za mbele, pale penye orodha ya vitabu vya mwandishi. Naipiga picha kwa simu, natafuta mpangilio wake hapo hapo nikiwa nimechuchumaa, na muuzaji akinuna namwambia ninunue haraka nirudishe kesho, au nikawie sasa nisirudi na lawama? Kisha nafungua kurasa za mwisho. Hilo nalo nililipia. Kuna riwaya moja ya upelelezi niliyoisoma usiku tatu, nikafika pale mpelelezi anapowakusanya washukiwa wote sebuleni, nikageuza ukurasa nikakuta jalada. Kurasa zilikuwa zimebanduka gundi zikaanguka, Mungu anajua wapi. Nilipomrudia muuzaji akacheka mpaka akashika goti. "Kastoma wangu, hicho ningekuuzia mia, muuaji unachagua mwenyewe."

Baada ya Changes nikaapa: lazima namba moja, bila namba moja sisomi. Na hilo likawa kosa la pili. Nilisikia sifa za Terry Pratchett na dunia yake ya bapa inayobebwa na tembo wanne juu ya kobe, nikatafuta namba moja kama mtu anayetafuta cheti cha kuzaliwa. The Colour of Magic, 1983. Kwenye inama hakikuwepo, nikanunua kipya kwa shilingi 1,600, wiki ambayo nilipaswa kununua gesi. Nikakisoma bila kucheka. Kinavitania vitabu vingine vya mashujaa na mapanga ambavyo sikuwahi kuvisoma, kwa hiyo nilikuwa kama mgeni kwenye meza ya watu waliosoma shule moja. Nikakiweka chini, na kwa karibu mwaka mzima nikawa nawaambia watu kwamba Pratchett ni sifa tupu.

Kilichonirudisha ni Guards! Guards! kwa 150, kimechakaa hadi mgongo umeshikiliwa na selotepu. Hicho ni cha 1989, cha nane katika mfululizo wake. Kinahusu askari wachache wa zamu ya usiku katika mji mchafu, watu waliodharauliwa na kila mtu, ambao kazi yao ni kutembea gizani wakisema kila kitu ni shwari, mpaka joka linapotokea. Nilikuwa nasoma nikimwangalia mzee wangu pale mlangoni na rungu lake, koti la manispaa ya miaka hiyo, akipiga miayo. Sikuhitaji kuelezwa utani.

Hapo nikaelewa jambo ambalo lingeniokolea ile gesi. Kuna mifululizo ya kamba moja, ukiikata katikati umeshika ncha mbili zisizo na maana. Ya Butcher ni hivyo, ya Aaronovitch pia, hizo anza mwanzo hata kama mwanzo wenyewe si mtamu. Na kuna mifululizo ya nyuzi nyingi. Pratchett ana riwaya 41, ya mwisho ilitoka 2015, mwaka aliofariki, lakini ndani yake kuna uzi wa askari, uzi wa wachawi, uzi wa Kifo mwenyewe. Chagua uzi, shika mwanzo wa uzi huo, hiyo namba moja ya 1983 utairudia ukiwa umeshazoea sauti yake. Mimi niliirudia, nikacheka mahali ambapo mara ya kwanza nilipitia kama mtu anayesoma bili ya maji.

Kuhusu kuagiza kutoka nje sina mengi. Niliagiza viwili, nikajumlisha nauli ya kifurushi na nilicholipa kukichukua, ikafika 4,300. Mwezi uliofuata kimoja kati ya hivyo kilikuwa kwenye inama kwa mia mbili. Basi.

Sasa nije kwenye mizuka yenyewe. Mapema 2023, usiku wa manane, chumba namba 14 kilianza kugonga. Kilikuwa kitupu, ufunguo uko ubaoni mbele yangu. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Nilikuwa katikati ya kitabu cha Aaronovitch, kwa hiyo nywele zilikuwa tayari zimesimama kabla ya kelele. Nikamwita mzee. Alisikiliza, akachukua tochi na rungu, akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini, akapanda ngazi mbili, kisha akageuka.

"Huyo wa kumi na nne, amelipa?"

"Mzee, hakuna mtu humo."

"Basi akifungua, mwandikie risiti."

Akaendelea kupanda huku akisoma. Alikuwa anaogopa kweli, mkono wenye tochi ulikuwa unatetemeka nikauona mwanga ukicheza ukutani. Na mimi nilikuwa nacheka huku machozi ya woga yananitoka. Sijawahi kusoma ukurasa ulioeleza vizuri kuliko pale kwa nini napenda vitabu hivi. Mzee hakuwa anaidharau hofu. Aliikubali, akaiingiza kwenye taratibu za kazi: hata mzuka, ukilala hapa, unalipa. Ndivyo Aaronovitch anavyofanya na yule konstebo wake, Peter Grant, mtoto wa mama kutoka Sierra Leone. Ameongea na marehemu, sawa, lakini ripoti ataiandikaje, na sajini atasema nini? Mto Thames una mungu wake, naye ni mama Mnigeria, na ukienda kumwona unaenda kwa heshima na mikono isiyo mitupu kama unavyokwenda kwa mama yeyote mwenye cheo. Msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa hapo, anajua vizuri kuwa mamlaka isiyoonekana nayo ina dawati lake.

Kugonga kulikuwa ni maji. Mtaa wetu maji ya kanjo, yaani ya jiji, huja usiku, siku chache za wiki, na yakija yanasukuma hewa iliyokaa kwenye mabomba. Bomba la chumba 14 lilikuwa limelegea kwenye kishikio chake, hewa ikipita linapiga ukuta. Fundi alikaza skrubu mbili asubuhi akataka mia tano.

Mzee alivyoshuka usiku ule, amelowa jasho, alisema kitu kilichonibadilishia mwelekeo wote: "Hii ni ya Bwana Msa. Bwana Msa angeuliza kwanza, maji huja saa ngapi?"

Nilikuwa nimemsikia Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, shuleni, kwa mbali, kama mjomba wa ukoo anayetajwa harusini. Sikuwahi kumsoma. Nikamtafuta pale pale inama, kwenye rundo la vitabu vya shule vya zamani ambalo nilikuwa nimeliruka mwaka mzima nikikimbilia majalada ya ng'ambo. Mzimu wa Watu wa Kale, shilingi themanini. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda nacho shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Kisha kikafuata Kisima cha Giningi 1968, na vingine kadhaa, hadi Kosa la Bwana Msa 1984. Mfululizo kamili wa upelelezi wenye mizimu na vichekesho, kwa lugha yangu, na mimi nilikuwa nalipia vifurushi.

Sitasema ni rahisi. Kiswahili chake cha Unguja kilinipiga chenga, kuna maneno nilimwendea mzee nikiwa nimeweka kidole juu yake. Mazungumzo ni marefu, wahusika hawana haraka, na Bwana Msa na kiko chake anaweza kukaa kimya mpaka ukatamani kumtikisa. Lakini ucheshi wake unatoka mahali pazuri: watu wazima, wenye akili, wanaojua kabisa mzimu uko pale, na mtu mmoja anayeuliza maswali madogo ya kuudhi. Huko London mzuka ni mzuka kweli na kichekesho ni namna ya kuishi naye. Huku kwetu Bwana Msa hupekua kwanza walio hai, na kichekesho ni sisi tulivyokuwa tayari kuamini. Kama unataka fumbo lifunguke vizuri, chagua upande huu. Kama unataka kucheka kwa muda mrefu zaidi, nadhani ule wa kwanza unashinda.

Nilisema kuna usiku wa aibu. Ulikuwa Agosti mwaka huo huo, saa nane. Nilikuwa nasoma Mort ya Pratchett, ya 1987, ambamo Kifo anamwajiri kijana ili amfundishe kazi yake. Nilifika mahali nikacheka kwa sauti, kichwa kimelala kaunta, na nilipoinua macho kulikuwa na mwanamume amesimama na begi dogo.

"Samahani dada. Kuna chumba?"

Nilimjibu kicheko kikiwa bado mdomoni. Akaandika jina, na penye sababu ya safari akaandika, kwa herufi za taratibu, *kuchukua mwili*. Alikuwa ametoka magharibi, basi limeharibika njiani, asubuhi anakwenda mochari kumchukua kaka yake.

"Umefurahi usiku huu," aliniambia. Hakusema kwa ubaya. "Kitabu kinahusu nini?"

Sikuweza kusema. "Kijana aliyepata kazi," nikajibu.

"Kazi nzuri?"

"Ya usiku."

Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Kisha akaomba nimuwekee begi nyuma ya kaunta, hakutaka kulala nalo chumba kimoja. Alilifungua mbele yangu kuhakikisha kila kitu kipo: suti kwenye mfuko wa nailoni, soksi zenye karatasi ya dukani bado, na viatu vyeusi vilivyopakwa rangi hadi taa ya dari ikaonekana juu yake. Akakigeuza kimoja akaangalia soli.

"Hivi ni namba nane. Yeye alikuwa anavaa tisa." Akakirudisha. "Lakini mara hii hatanilalamikia."

Na akacheka. Mimi sikujua kama naruhusiwa. Alicheka akafuta macho kwa mkono wa sweta, akachukua ufunguo, akapanda. Asubuhi aliondoka na begi lake akiwa amenyoosha shati, akanishukuru.

Sikukifungua kitabu kile kwa miezi miwili. Nilijiona mtu mwepesi, nakaa nacheka na Kifo cha karatasi huku kuna watu wanapita mbele yangu na kile cha kweli. Nilipokirudia, nilikirudia kwa sababu ya namba nane. Yule bwana alikuwa na haki ya utani ule kwa kuwa begi alikuwa amelibeba yeye. Nikaanza kuvipima vitabu hivyo: anayetania ndiye aliyebeba mzigo, au kuna mtu amesimama pembeni anatania mizigo ya wenzake? Mzee na risiti yake alikuwa anapanda ngazi yeye mwenyewe. Kifo cha Pratchett anapenda paka, anashangazwa na binadamu, lakini hakuna mtu anayekufa kwa mzaha.

Kwa kipimo hicho rafu yangu ilipungua sana. Viliondoka vile vya mzuka wa kupamba, ambamo maiti inapatikana ukurasa wa kumi na hakuna anayepoteza hamu ya keki. Viliondoka pia vile ambavyo mpelelezi ana utani kwa kila pepo na hajawahi kuogopa hata moja. Dresden nimembakiza, kwa kunung'unika: vitabu vyake vya mwanzo mwanamke hawezi kuingia chumbani kabla kifua chake hakijaelezwa, na mimi kama msomaji wa kike nimechoka kupitia hapo kila mara kama roadibloku. Lakini anaumia, na anapotania anatania akiwa anavuja damu. Hata hivyo usisome zaidi ya vitatu kwa mfululizo. Cha nne utani unaanza kurudi na nguo zile zile, na utamchukia mwandishi bure.

Ile nakala yangu ya pili ya Aaronovitch nilijaribu kumrudishia yule muuzaji wa inama. Alinipa hamsini, nikakataa, nikaondoka nayo. Mzee naye nilimwazima Kisima cha Giningi tangu Desemba. Alikisoma ujana wake lakini anasema muuaji amemsahau, kwa hiyo anakwenda ukurasa mbili kwa usiku, amevaa miwani ya mkewe, na amenikataza kusimama nyuma yake. Juzi nilimuuliza amefika wapi. Aliweka kidole, akafunga kitabu, akanitazama. "Mwanangu, wewe andika wageni."